Kukata maua ya roze wakati wa baridi



Hapa Kapata, mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi na mvua hakuna. Waridi, ile maua tunaita roze, linapumzika. Njo maana hatukati sasa: machipukizi yatatoka kwenye ukame. Tungoje mwezi wa nane, joto likianza kurudi.

Kwanza tutoe matawi makavu na yale yanayosuguana. Halafu tufupishe mazuri kwa theluthi moja, juu kidogo ya jicho linaloangalia nje. Mkasi ni mmoja kwa nyumba nyingi: tuuoshe na sabuni kila tukibadilisha mti, ugonjwa usitembee nao. Majani ya madoa meusi tuyachome. Maji tumwage asubuhi kwenye shina, na udongo tuufunike na nyasi kavu.

Matawi mazima tusiyatupe. Kipande kinene kama kalamu, sentimeta 20, kinaweza kutoa mizizi kivulini, udongo ukiwa na unyevu. Siyo vyote vitashika. Lakini ndugu aliyerudi juzi, mwenye uwanja mtupu, pesa ya mche atatoa wapi? Kila nyumba imtunzie vipande 5.

Wafadhili wetu, mkasi mliotupa utamfikia hivyo.