Aliyehukumiwa Bure na Majuto Yasiyo Yake

Hoja yangu ni moja: sheria ya Kenya humsikiliza muuaji anayejuta kwa urahisi kuliko inavyomsikiliza mtu ambaye hakuua.

Katika vijiji vyetu vya Kisii na Nyamira vilivyosongamana, anayevamiwa usiku kwa kawaida humtaja mtu anayemfahamu. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya mwaka 1967, katika kesi ya Roria, kuhusu hatari ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja. Tena hata ndugu hufananishwa vibaya. Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Ilimulika uso au mgongo? Jina lilitajwa polisi katika ripoti ya kwanza, au liliongezwa baada ya matanga? Wakili asipouliza hayo, rufaa haitayafufua, kwa sababu majaji wa rufaa husoma kumbukumbu za kesi, shahidi hawamwoni.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji. Ni uamuzi mwema, lakini miongoni mwa mambo ya kupimwa adhabu inapofikiriwa upya yamo majuto. Asiyeua afanyeje? Akishikilia kwamba hakuua, ataonekana mkaidi. Akiomba radhi, amekiri. Msamaha wa Rais nao hauifuti hatia. Uganda, Edward Mpagi alihukumiwa kifo mwaka 1982 kwa kumuua mtu aliyekuwa hai, akatoka mwaka 2000, na alitoka kwa msamaha. Alisamehewa nini?

Katiba, kifungu cha 50(6), inaruhusu kesi isikilizwe upya rufaa zikiisha, iwapo kuna ushahidi mpya wenye uzito. Lakini mfungwa aliye Naivasha hawezi kwenda Borabu, huko Nyamira, kumsaka shahidi. Haki hiyo ipo, anayeihitaji ndiye asiyeweza kuifikia.

Nitaambiwa kwamba kesi lazima ifike mwisho, na familia ya marehemu iachwe ipumzike. Familia hiyo naiheshimu, ila mtu asiyehusika akifungwa, muuaji wao bado anatembea. Wengine watahofu kwamba kila mfungwa atadai hana hatia. Watadai, ndiyo. Uingereza ililikabili hilo mwaka 1997 kwa tume huru yenye uwezo wa kudai nyaraka za polisi, ambayo hurudisha mahakamani zile kesi tu zenye uwezekano wa kweli wa hukumu kutenguliwa. Majaji ndio wanaoamua. Kenya inaweza kuunda ya kwake, yenye wachunguzi wanaozungumza Ekegusii, wanaoweza kufika kwenye boma lenyewe na kupima kwa hatua umbali kati ya mlango na mahali tochi ilipowashwa.