Möttlingen: Kijiji cha Pembezoni mwa Msitu Mweusi
(Hotuba iliyotolewa wakati wa maadhimisho ya Jubilei ya miaka 100 ya Usharika)



Kamati ya Jubilei iliniagiza niseme machache juu ya Ukristo wa Ujerumani, ambako Ulutheri ulianzia. Habari za Wittenberg mmezisikia tangu mafundisho ya kipaimara. Kwa hiyo naomba ruhusa niwapeleke kwenye kijiji kidogo kiitwacho Möttlingen, kilichoko Württemberg, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, mahali Msitu Mweusi unapoishia upande wa mashariki na mashamba kuanza.

Maisha ya huko zamani yalikuwa magumu. Kwa desturi ya Württemberg baba alipofariki shamba liligawanywa kwa watoto wote, hata vizazi vichache baadaye kila mtu akabaki na kipande kisichomtosha. Utajiri wa msitu uliwapita. Magogo ya misonobari yalifungwa pamoja yakaeleshwa katika mto Nagold, yakafika mto Rhine na hatimaye Uholanzi, na faida ikabaki kwa wafanyabiashara wa mjini Calw. Mwaka 1816 mavuno yaliharibika kwa baridi, njaa ikaingia, na watu wengi wa Württemberg wakahama nchi yao.

Hata hivyo, kwa mahubiri kijiji hiki hakikuwa maskini. Matengenezo ya Kanisa yaliingia Württemberg mwaka 1534. Kuanzia 1824 hadi 1838 mchungaji wa Möttlingen alikuwa Christian Gottlob Barth, mtetezi mkubwa wa misioni, ambaye kitabu chake cha hadithi za Biblia kilitafsiriwa katika lugha nyingi za ulimwengu. Watu walisikia Neno mpaka wakalizoea. Mchungaji aliyemfuata, Johann Christoph Blumhardt, aliyewahi kufundisha katika nyumba ya misioni ya Basel, alipoanza kazi mwaka 1838 aliwakuta wakisinzia ibadani.

Naye alikuja kugundua jambo jingine. Wakristo hao, waliobatizwa kizazi baada ya kizazi kwa karibu miaka 300 ya Ulutheri, walikuwa na hirizi. Walikuwa na maneno ya siri ya kuponya ng'ombe, na njia za kumtambua mwizi au kumdhuru adui, na mara nyingi waliyachanganya hayo na majina matakatifu. Nayasema haya taratibu, kwa sababu hapa kwetu wapo wanaodhani uganga ni ugonjwa wa Waafrika peke yao, na wapo waliowahi kufundishwa hivyo.

Ndipo tunafika kwa Gottliebin Dittus, binti maskini aliyezaliwa mwaka 1815, aliyeishi na ndugu zake katika nyumba ndogo kijijini. Alipatwa na mateso ya ajabu: vishindo ndani ya nyumba, kuzimia, na sauti zisizo zake. Daktari alimhudumia akashindwa. Blumhardt hakupenda kuingilia jambo hilo, na alipoingia alijiwekea utaratibu: hakwenda peke yake, bali alifuatana na kiongozi wa kijiji na watu wengine wa kuaminika. Silaha zake zilikuwa sala, kufunga na Neno la Mungu. Mapambano hayo yalichukua karibu miaka miwili. Mwisho wake ulikuja usiku wa tarehe 28 Desemba 1843, na kilio cha mwisho kilichosikika kinywani mwa dada yake, Katharina, kilikuwa cha kutangaza kwamba Yesu ni mshindi.

Wahubiri wengi huishia hapo, kwa sababu hapo pana msisimko. Mimi naona kwamba habari ya kijiji ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka Mpya wa 1844 ulipoingia, kijana mmoja aliyejulikana kwa maisha mabaya alifika nyumbani kwa mchungaji kuungama dhambi zake. Akafuata mwingine, na mwingine. Kufikia majira ya kuchipua, karibu kijiji kizima kilikuwa kimepita katika chumba kile, wengine wakingoja saa nyingi zamu yao. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa. Waliokosana walipatana. Watu waliungama uganga wao. Baadhi yao, walipowekewa mikono ili kutangaziwa msamaha, walisema kwamba maradhi yao yaliondoka papo hapo, ingawa hawakuja kuomba uponyaji. Mwaka huohuo wa 1844 Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg hiyohiyo, alifika Mombasa, na mnamo Julai akamzika mkewe, Rosine, huko pwani.

Habari za uponyaji zilienea, na wagonjwa wakamiminika Möttlingen kutoka mbali. Wachungaji wa jirani walilalamika kwamba kondoo wao wanachukuliwa. Mwaka 1846 Blumhardt alikatazwa na wakuu wake kuchanganya uponyaji na kazi ya uchungaji. Wagonjwa awaelekeze kwa madaktari. Alitii. Hakujitenga akaanzisha kanisa lake, wala hakuigeuza karama kuwa biashara. Wazee wangu, mnaelewa kwa nini nimelitaja jambo hili katika mwaka ambao baadhi ya vijana wetu wameondoka kufuata mikutano ya miujiza. Lakini niseme pia upande wa pili: wakuu wale wa Kanisa waliogopa zaidi vurugu kuliko walivyowahurumia wagonjwa, na sisi tunaoongoza tusijifiche nyuma yao.

Mwaka 1852 Blumhardt alihamia Bad Boll, penye nafasi ya kuwapokea wageni wote waliomtafuta, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1880. Möttlingen kikarudia ukulima wake. Siku hizi ni sehemu ya mji wa Bad Liebenzell, na nyumba ya Gottliebin bado imesimama.

Na huyo binti? Alipopona alichukuliwa kama mtoto wa nyumba ya mchungaji. Mwaka 1844 ilianzishwa kijijini shule ya watoto wadogo, naye akakabidhiwa watoto hao awatunze na kuwafundisha. Wazazi waliokuwa wakiiogopa nyumba yake wakampelekea watoto wao kila asubuhi. Baadaye alikwenda Bad Boll na familia ya mchungaji, akaolewa, akasaidia kuendesha nyumba ile mpaka alipolala katika Bwana mwezi Januari 1872.