Pensheni ya Mzee Si Msaada kwa Mwajiri

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita tulibishana sana juu ya wale mafundi wazee walioitwa warudi karakana kwa mkataba, ili wafundishe vijana. Siku ya kuzungumza malipo waliambiwa, "Ninyi mna pensheni tayari, sisi tutajaza kidogo tu." Mwenzetu mmoja akasema kwamba jambo hilo ni halali, maana hata Marekani askari waliostaafu wakifundisha mashuleni hulipwa hivyo. Tuliahidi kuitafuta habari hiyo. Leo tunaileta.

Katika shule za sekondari za umma za Marekani, tangu sheria ya mwaka 1916, kuna mafunzo ya kijeshi yaitwayo JROTC. Vijana hufundishwa gwaride, uongozi, kusoma ramani na mambo ya uraia. Leo yako katika shule zaidi ya 3,000. Zamani waalimu wake walikuwa askari walio bado kazini. Sheria ya mwaka 1964 ikaruhusu shule ziwaajiri maofisa na masajini waliokwisha staafu, na jeshi likapata nafasi ya kuwarudisha wale wengine kwenye vikosi vyao.

Sasa sikilizeni hesabu ya sheria hiyo ilivyokuwa. Mstaafu aliendelea kupokea pensheni yake. Juu yake aliongezwa tofauti iliyopo kati ya pensheni hiyo na mshahara pamoja na posho ambazo angepata kama angekuwa bado jeshini. Nusu ya nyongeza hiyo jeshi lilikuwa likiirudishia shule.

Tuchukue mfano wa kubuni. Sajini wa kwanza angelipwa dola 6,000 kwa mwezi kama angekuwa kazini, na pensheni yake ni dola 2,500. Nyongeza ni 3,500. Shule yatoa 1,750 mfukoni mwake, na jeshi 1,750. Sajini wa pili, wa cheo kile kile, alitumika miaka mingi zaidi, pensheni yake ni 4,000. Nyongeza yake ni 2,000 tu, na shule yatoa 1,000. Wote wawili wafundisha saa sawa, darasa la namna moja. Yule aliyetumika zaidi ndiye aliye rahisi kwa mwajiri! Na pensheni ilipopandishwa kwa sababu ya ughali wa maisha, huku mshahara wa jeshini ukikaa pale pale, nyongeza ilipungua kwa kiasi hicho hicho. Mzee hakupata hata senti ya kupanda huko. Iliipata shule.

Pensheni ni nini, ndugu zetu? Sisi wa reli twajua. Ni jasho la miaka iliyopita, ambalo sehemu yake haikulipwa mwisho wa mwezi bali iliwekwa. Mtu akianza kazi mpya, kazi hiyo ina bei yake. Mwenye kununua unga dukani haulizwi kwanza ana akiba gani benki.

Kuna na jambo la mabwana wawili. Mwalimu huyu ni mwajiriwa wa shule, lakini hawezi kufundisha bila cheti cha jeshi, na jeshi likikiondoa cheti, kazi imekwisha. Avaa sare na jeshi humkagua. Lakini sheria yenyewe yasema kwamba wakati huo hahesabiwi kuwa yuko katika utumishi wa jeshi kwa jambo lo lote. Basi miaka yake ya kufundisha haiongezi pensheni yake ya jeshini. Jeshi lina amri juu yake na halina mzigo wake.

Hata shule si ngome. Mwaka 2006 halmashauri ya shule za San Francisco ilipiga kura mafunzo hayo yaondolewe polepole, na mwaka 2009 ikageuza uamuzi. Hatusemi kama mafunzo ya kijeshi yafaa watoto au hayafai. Hilo waamue wenye watoto. Lakini fikirini mwalimu aliyekaa miaka hiyo bila kujua kama atakuwa na kazi.

Hata hivyo tusimdharau sajini wa Marekani, maana alikuwa na kitu ambacho wazee wetu hawana. Hesabu yake iliandikwa katika sheria, aliweza kuisoma na kuidai kabla ya kutia sahihi. Akijumlisha pensheni na nyongeza, alikuwa hashuki chini ya mshahara wa cheo chake. Na shule ikitaka kumlipa zaidi kwa mapatano, haikatazwi. Wazee wetu waliambiwa "kidogo", na kidogo hicho hakikuandikwa po pote. Kwa hiyo yule mwenzetu aliyesema hata Marekani hufanya hivyo amesema nusu tu.

Kamati yataka kudai kwamba fundi anayerudi alipwe kiwango cha kazi anayoifanya, pensheni isiguswe wala isitajwe. Kama mwajiri atakataa kabisa, basi angalau jumla isipungue mshahara wa mwisho wa mzee, na iandikwe. Pia mkataba useme ni nani mwenye kumwachisha na kwa notisi ya siku ngapi.

Kabla ya kikao twahitaji nakala za mikataba ya wale wazee. Mwenye nayo aipeleke kwa katibu wa tawi. Anayeogopa afunike jina.