Waliojiuzulu na Waliobaki Vitini

Vita vya Iraq vilitanguliwa na maneno. Tarehe 5 Februari, 2003, Colin Powell wa Marekani alilieleza Baraza la Usalama kwamba Iraq inaficha silaha za maangamizi. Serikali ya Uingereza ilishikilia madai hayo hayo.

Hapo ndipo viongozi walipopimwa. Robin Cook, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alijiuzulu Machi 17, akasimama Bungeni kupinga vita visivyo na makubaliano ya mataifa wala ridhaa ya wananchi. Kesho yake wabunge 412 waliafiki, 149 walikataa. Waziri mwenzake, Clare Short, aliyekwisha kutishia kujiuzulu, aling'ang'ania kiti hadi Mei, Baghdad imekwisha kutekwa. Kujiuzulu huko kulimsaidia nani? Afadhali Elizabeth Wilmshurst, mwanasheria wa Wizara, mtumishi tu asiye na jimbo wala kura: aliacha kazi mwezi huo huo wa Machi, akiamini kwamba vita hivyo ni haramu kisheria.

Silaha hazikuonekana. Julai 2016 Tume ya John Chilcot ilitamka kwamba njia za amani zilikuwa hazijakwisha. Cook alikuwa amefariki tangu 2005.