Klachi ya Mashindano Katika Gari la Kila Siku

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Ng'ambo, Tabora)



Nimetakiwa niseme machache juu ya ufundi. Nimechagua swali ambalo vijana wenye magari huliuliza mara kwa mara: je, yafaa kufunga klachi ya mashindano katika gari la kwendea kazini na sokoni? Wapo wanaoifunga kwa hiari yao kwa kuwa wamesikia ni madhubuti. Wapo pia wanaoinunua bila kujua, imo ndani ya gari lililotumika Japani, ambalo mwenyewe wa kwanza alikuwa mpenda mbio. Wote wawili yafaa wajue wanaishi na kitu gani.

Tuanze na kazi yenyewe. Injini haiwezi kuondoa gari ikiwa yenyewe imesimama. Lazima izunguke kwanza, kisha ishikane na gia boksi taratibu. Mshikanishaji ndiye klachi. Sahani yenye lainingi pande zote mbili hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Ukikanyaga pedali sahani huachiwa. Ukiinua mguu hubanwa tena. Nguvu ya kuzungusha ambayo klachi yaweza kupitisha bila kuteleza hutokana na mambo manne: ukali wa springi, msuguano wa lainingi, upana wa sahani, na idadi ya nyuso zinazobanwa. Wanafunzi wa fizikia wataona kwamba hapa hapana uchawi.

Mtengenezaji wa klachi ya mashindano hukaza springi. Badala ya lainingi ya kawaida huweka vipande vya unga wa madini na kauri, ulioshindiliwa na kuchomwa. Pengine huweka sahani mbili. Kisha, katika sahani nyingi za namna hii, huondoa zile springi ndogo za katikati ambazo kazi yake ni kupokea mshituko. Kwa mbio hakukosea. Gari la mbio huondoka mara moja, likaenda hadi mwisho. Klachi yake hutakiwa kushika, basi.

Gari la mjini ni jambo jingine. Hesabuni pamoja nami. Gari la kilo 1,400, likitoka kusimama hadi mwendo wa kilometa 15 kwa saa, hupata nishati ya joule 12,000 hivi. Injini ikishikiliwa kwenye mzunguko uleule wakati klachi inateleza, kiasi kilekile cha nishati hugeuka joto ndani ya klachi. Joto hilo latosha kupandisha kilo moja ya chuma kwa nyuzi 27 hivi za Selsiasi, na hapo tumeondoka mara moja tu. Sokoni tutaondoka mara ngapi? Lainingi ya kawaida ilitengenezwa iteleze kidogo kwa upole. Ile ya kauri huvumilia joto zaidi, lakini haipendi kuteleza: hushika ghafla, gari likatetemeka na kuruka. Dereva asiyezoea huongeza mafuta ili gari lisizimike, na flaiwili ndiyo inayoliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Klachi ya kawaida, ikizidiwa, huteleza. Kuteleza huko ni hasara, lakini pia ni kinga. Ukiweka isiyoteleza, mshituko hautoweki, bali huhamia kwenye gia boksi, kwenye propela shafti na kwenye difu. Mji wetu huu ulikuwa njia panda ya misafara ya wapagazi kati ya Ujiji na Bagamoyo, na babu zetu walijua kwamba kirangozi mwenye miguu mepesi hawafikishi pwani wapagazi waliochoka nyuma yake. Msafara huenda kwa nguvu ya aliye dhaifu. Gari nalo ni msafara.

Tunao ushahidi wa karibu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, gari ambalo ndugu zake wa aina hiyohiyo walikuwa wakibeba abiria na familia katika Afrika Mashariki. Matope na mashimo hayakuuliza ni kifaa gani kina nguvu kuliko vyote. Yalitafuta kile kilicho dhaifu.

Sasa, ikiwa injini yako kweli imeongezwa nguvu na klachi ya zamani haiiwezi, funga, lakini funga sawasawa.

Kwanza, hakikisha sababu. Klachi inayoteleza pengine imelowa oili kutoka kwenye sili ya kranki. Ukibadili klachi ukaiacha sili, utairudia kazi.

Pili, sawazisha uso wa flaiwili, na uusafishe usibaki na grisi. Vumbi la lainingi kuukuu usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo, maana zile za zamani zilikuwa na asbesto, nayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Tatu, weka sahani katikati kwa kutumia shafti ya kuigiza, kaza bolti kwa kupishana na kwa hatua, na usiache gia boksi ining'inie juu ya sahani wakati wa kuingiza. Beringi ya kuachia iwe mpya.

Nne, rekebisha nafasi ya pedali kama kitabu cha gari kinavyosema, na kama ni ya mafuta, toa hewa yote.

Tano, ilainishe. Fuata masharti ya mtengenezaji. Kwa kawaida ni mwendo wa upole wa mjini kwa kilometa mia kadhaa, pasipo kukanyaga mafuta hadi mwisho.

Baada ya hapo ni tabia. Usipumzishe mguu juu ya pedali. Kwenye mlima shikilia gari kwa breki ya mkono, usilishikilie kwa klachi. Kwenye kivuko cha reli, treni ikikawia, weka gia huru, uachie pedali. Ukimwazima mtu gari, mwambie kabla hajaondoka. Kelele kidogo za gia boksi gari likiwa limesimama na injini ikinguruma ni desturi ya sahani isiyo na springi, msimlaumu fundi. Na wewe unayenunua gari lililotumika, ukikuta pedali nzito, kelele hizo, na kuondoka kwa kuruka, uliza imefungwa klachi gani kabla hujatoa fedha.

Lakini kwa dereva wa teksi, kwa mwalimu, kwa mkulima apelekaye asali na tumbaku, ushauri wangu ni mwingine. Akihitaji nguvu zaidi, achukue presha pleti iliyokazwa kiasi, pamoja na sahani ya lainingi ya kawaida yenye springi zake. Gari hilo ndilo linalomlisha. Gia boksi ikivunjika hapa na spea ikawa Dar es Salaam, watoto hawatakula sifa za klachi.

Ninyi wanafunzi, mkiingia katika kazi yoyote ya ufundi, msiulize tu kifaa kina nguvu kiasi gani. Ulizeni kilitengenezewa kazi gani, na mzigo kinaoukataa utambebesha nani.