Mwenyeji Aliyesahauliwa: Wajitoleaji katika Vijiji vya Afrika Magharibi

Aprili 1968 Ivan Illich, padri mzaliwa wa Vienna aliyeifanya Mexico maskani yake, aliwahutubia vijana wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea katika vijiji vya Mexico. Aliwakaribisha kutazama, kusoma na kupanda milima, kusaidia aliwakataza. Tangu hapo hotuba hiyo imekuwa silaha ya kila anayetaka kuufunga mjadala wa kujitolea kwa pigo moja. Mwaka 2012 mwandishi Teju Cole aliongeza makali alipomshambulia Mzungu anayejiona mkombozi wa Afrika. Hoja hizi zina nguvu, na zinastahili kujibiwa kwa uzito. Mhadhara huu unadai kwamba zina pengo katikati, na kwamba aliyekosekana hapo ni mwenyeji.

Historia ya Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka wajitoleaji nje ya nchi, haina haja ya kurudiwa hapa: ilianzishwa Machi 1961, na walimu wake wa kwanza walitua Accra Agosti mwaka huohuo. Linalohitaji kusemwa ni kwamba Illich alizungumza na wageni wa msimu mmoja wa likizo. Mjitoleaji wa Peace Corps hukaa miezi 27, na mitatu ya mwanzo ni ya mafunzo, mara nyingi akiwa ndani ya familia. Kuichukua hukumu ya kundi moja na kulitwisha jingine ni uvivu wa kitaaluma.

Kosa kubwa zaidi liko ndani ya hoja yenyewe. Katika hotuba ya Illich mkulima anatendewa tu. Anasaidiwa au anadhuriwa, anahurumiwa au anadharauliwa, lakini yeye hamfanyi mgeni lolote: hamfundishi, hamkosoi, hamkatalii. Wakosoaji wa baadaye wamemtetea mkulima huyohuyo bila kumwondoa kwenye ububu aliowekewa.

Hebu watazame kijiji cha Mali. Mgeni akifika, jambo la kwanza analonyang'anywa ni jina lake. Anaitwa Coulibaly au Traoré, na ukoo huo humletea watani papo hapo. Kesho yake mzee asiyemfahamu humwita mla maharage hadharani, naye hutakiwa amrudishie palepale kwamba mla maharage ni yeye mzee. Asiyejua kujibu bado ni mgeni. Msomaji aliyeona watani wakivuruga msiba wa Mzaramo au Mngoni hahitaji kuelezwa kazi inayofanywa hapo: kijiji kimempa kijana nafasi katika mpangilio wake wa watu, na nafasi hiyo ina masharti. Vivyo hivyo kwenye bakuli la tô, ugali wa mtama mweupe au uwele unaoliwa na mchuzi wa bamia: anafundishwa kutumia mkono wa kulia, kumega upande wake, na kungoja wakubwa waanze.

Mhadhiri ana sababu yake ya kushikilia jambo hili. Utotoni mwake, mkoani Njombe, mwalimu wa kujitolea alipangishwa chumba nyumbani kwao. Mama yake mhadhiri alimfunga kata ya kitambaa kichwani, akamweka ndoo nusu, akatembea nyuma yake kutoka kisimani akimrekebisha shingo. Maji yalimmwagikia mgeni mpaka miguuni. Jioni mama alimwambia kesho atajaziwa ndoo. Hakuna taarifa yoyote ya mradi iliyowahi kumtaja mama huyo.

Kitabu kinacholionyesha hili vizuri kuliko vyote ni *Monique and the Mango Rains*, kilichochapishwa mwaka 2006. Mwandishi wake, Kris Holloway, mjitoleaji wa Peace Corps, alikuwa Nampossela, kijiji cha Waminianka kusini mwa Mali, kuanzia mwaka 1989 hadi 1991, akipangiwa kufanya kazi na mkunga Monique Dembele. Mkunga huyo kijana, mwenye elimu ndogo ya darasani na mafunzo mafupi ya afya, alizalisha wanawake, akapima watoto uzito, akafundisha uji wa lishe, huku akigombania mshahara wake mwenyewe. Holloway anashika taa, anabeba, anauliza. Nguvu ya kitabu iko hapo: mwandishi amekubali kuwa mwanafunzi wa mkunga, na kila ukurasa mzuri humo umetokana na kazi ya Monique. Mwaka 1998 Monique alifariki kwa uzazi, balaa lilelile alilopambana nalo kila siku.

Kuna ushahidi mwingine usio wa kifasihi. Mwaka 1989 Ghana ilihesabu karibu wagonjwa 180,000 wa mnyoo wa Guinea, unaoingia mwilini kwa maji ya bwawa na kutokea mguuni mwaka mmoja baadaye, ukivutwa taratibu kwa kuzungushwa kwenye kijiti. Peace Corps walishiriki kuupiga vita. Lakini waliopita nyumba hadi nyumba, wakaandika wagonjwa, wakagawa vitambaa vya kuchujia na kuwazuia wenye vidonda wasiingie bwawani walikuwa wanakijiji waliojitolea, wakiwemo wanawake wa vikundi vya Msalaba Mwekundu. Januari 2015 Ghana ilithibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo. Wanakijiji hao nao ni wajitoleaji, ila kumbukumbu zao hazijapata mchapishaji.

Ni kweli, madhara yapo. Oktoba 1961 kadi ya posta ya mjitoleaji mmoja aliyekuwa mafunzoni Ibadan, Nigeria, iliyoeleza uchafu na maisha duni ya huko, iliokotwa na wanafunzi wa chuo wakaandamana kwa haki. Na kalamu imebaki mkononi mwa mgeni: Monique tunamjua kwa sababu Holloway aliandika. Hata baada ya kupima yote hayo, mhadhiri bado anaamini kwamba kijiji ndicho kilichofanya kazi kubwa zaidi ya mafunzo katika historia nzima ya Peace Corps.

Vijana waliofundishwa na walimu wale wa Ghana mwaka 1961 sasa wanakaribia au wamevuka miaka themanini. Idara za historia za vyuo vikuu vya Legon, Bamako na Dar es Salaam zina wanafunzi na vinasa sauti. Wapelekwe sasa wakaulize nani aliyempa mgeni jina, nani aliyepika zaidi kwa ajili yake, nani aliyemuuguza alipopata malaria, na nani aliyemwambia kwamba mradi wake hautafanya kazi.