Kifungo cha Ngozi kwa Mkoba wa Karatasi Zetu



Tangu Kenani mwaka 2017, hadi Mantapala mwaka 2018, karatasi ndizo zinazotutambulisha. Mvua za Novemba hadi Aprili haziheshimu mfuko wa nailoni. Ndiyo maana tunafundisha vijana kushona mikoba ya ngozi. Zipu huzibwa na mchanga, chuma hushika kutu. Kwa hiyo kifungo nacho kiwe cha ngozi.

Kata ukanda kama pembetatu ndefu, uloweshe kidogo. Usokote kwa nguvu kuanzia upande mpana, toboa msokoto wote katikati, pitisha ncha nyembamba, ivute. Ikikauka haifunguki. Mkia wake huingizwa mbele ya mkoba na kufungwa fundo kwa ndani.

Kwenye mfuniko, wengi hupasua kwa kisu tu, na ngozi huendelea kuraruka. Toboeni kwanza tundu la duara kila mwisho, ndipo mpasue kati yake. Kifungo kipite kwa shida. Ngozi italegea yenyewe.

Mashirika yakitaka kutusaidia, tunaomba ngozi na visu, si mikoba iliyokwisha shonwa.